Vinywaji vya probiotiki: vinasaidia tumbo kweli, ao feza inapotea bure?

Siku hizi neno «probiotiki» linaonekana ku chupa za yaurti, ku poda za watoto na ku vidonge vya farmasi. Wauzaji wanasema vitu hivyo vinasafisha tumbo, vinaleta nguvu, vinazuia kuhara. Muzazi mwenye mutoto anayeumwa tumbo kila mwezi anasikia ile maneno na anafungua mufuko. Je, anafanya vizuri?

Jibu kwa ufupi ni hili: kuna hali chache ambamo probiotiki zinasaidia kweli, na zinajulikana. Kwa mutu muzima mwenye afya, hakuna sababu ya kununua. Na kwa mutoto anayehara, si dawa ya kwanza. Kama feza ni kidogo, iende kwanza ku SRO na zinki. Hapa chini tunaeleza juu gani.

Probiotiki ni nini?

Ndani ya matumbo ya kila mutu kunaishi mikrobe mingi sana. Nyingi kati yao si adui: zinasaidia kusaga chakula, na zinakalia nafasi ambayo mikrobe mbaya zingekalia. Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na FAO na OMS waliweka maana ya neno: probiotiki ni mikrobe hai ambazo, mutu akizipata kwa kiasi cha kutosha, zinamuletea faida ya afya. Mushike maneno matatu: «hai», «kiasi cha kutosha», na «faida». Kama moja inakosekana, kile kinywaji si probiotiki, hata karatasi yake iandike nini.

Wazo lenyewe si la leo. Elie Metchnikoff, aliyefanya kazi ku Institut Pasteur ya Paris na kupata zawadi ya Nobel mwaka 1908, alifikiri kama maziwa ya kuchacha yanasaidia watu waishi miaka mingi. Katika miaka ya 1920, Mufaransa Henri Boulard alikuwa Indochine wakati wa kolera. Aliona watu wanakunywa chai ya maganda ya matunda ili kuzuia kuhara, na ndani ya yale matunda akapata chachu ambayo leo inaitwa Saccharomyces boulardii. Ndiyo ile inayouzwa ku farmasi za inchi zinazosema Kifaransa kwa jina la Ultra-Levure. Kule Japani, Minoru Shirota alichagua bakteria yake mwaka 1930, na kinywaji Yakult kikaanza kuuzwa mwaka 1935.

Wapi zinasaidia

Hali iliyopimwa vizuri ni kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Antibiotiki haichagui: inaua mikrobe mbaya pamoja na nzuri, na tumbo linavurugika. Mwaka 2019, watafiti wa Cochrane walikusanya masomo 33 juu ya watoto zaidi ya 6.300 waliokuwa wanakunywa antibiotiki. Kati ya watoto 100 wasiopewa probiotiki, karibu 19 walihara; kati ya 100 waliopewa, karibu 8. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kipimo kilichofanya kazi vizuri kilikuwa kikubwa, mikrobe miliari 5 kwa siku ao zaidi, na aina zilizoonyesha matokeo ni hasa mbili: Lactobacillus rhamnosus na Saccharomyces boulardii. Yaurti yoyote ya dukani haifikie pale lazima.

Kwa hiyo, kama munganga ameandika antibiotiki na mutoto wako alishahara zamani juu ya dawa kama hiyo, uliza kama probiotiki inafaa. Ukipewa yenye bakteria, iache saa mbili kati yake na antibiotiki. Boulardii ni chachu, haiuawe na antibiotiki. Na jambo lingine lenye nguvu kuliko yote: usinunue antibiotiki bila kuandikiwa. Tumbo ambalo halikuvurugwa halihitaji kutengenezwa.

Wapi hazisaidie

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza feza. Mwaka 2018, masomo mawili makubwa yalitoka pamoja: moja la Marekani lenye watoto 943, lingine la Kanada lenye watoto 886. Wote walifika hospitali juu ya kuhara na kutapika. Nusu walipewa probiotiki, nusu walipewa poda isiyo na kitu, bila wazazi kujua. Matokeo: watoto wa pande zote mbili walipona kwa muda ule ule. Mwaka 2020, Cochrane ikaangalia masomo 82 ya watu zaidi ya 12.000, na ikaona kama probiotiki hazibadilishe sana hesabu ya watu wanaoendelea kuhara kupita saa 48.

Mutu anaweza kusema: wale ni watoto wa Marekani na Kanada, si wa kwetu. Ni kweli, maji yetu na mikrobe yetu ni tofauti. Lakini hiyo inatufundisha jambo moja tu: hatuwezi kumwacha mutoto wa Kongolo akauke maji tukingojea kinywaji ambacho hata kwa wengine hakikuonyesha nguvu.

Na mutu mwenye afya, anayekunywa kila asubuhi ili «asafishe tumbo»? Mikrobe nyingi za chupa zinapita tu. Mutu akiacha kunywa, kisha muda kidogo hazionekani tena. Kwa mutu kama huyo, maharagwe, mboga, sombe, matunda na bukari vinalisha mikrobe zake mwenyewe, zile zinazokaa. Na kwa mutoto muchanga, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita: ndani yake kuna sukari za namna ya pekee ambazo mutoto hawezi kusaga, kazi yake ni kulisha bakteria nzuri za tumbo lake.

Safari ya chupa mpaka Kongolo

Hata kama kinywaji kilitoka kiwandani kikiwa kizuri, kuna swali lingine: kimefika kikiwa hai? Vinywaji vingi vya bakteria vinapaswa kukaa ku baridi tangu kiwandani mpaka ku mudomo wa mununuzi. Sasa fikiria muzigo unaovuka Ziwa Tanganyika, unapakuliwa Kalemie, unangoja treni ya kwenda Kabalo, kisha unapanda mpaka Kongolo ndani ya joto, na unaishia ku duka ambalo moto wake ni wa jenereta inayozimwa usiku. Bakteria zinakufa njiani, kidogo kidogo. Ladha haibadilike sana, na bei haishuke.

Mbele ya kulipa, angalia mambo haya:

– Jina kamili la mikrobe. «Probiotiki» peke yake haitoshi.
– Hesabu ya mikrobe mpaka tarehe ya mwisho, si siku ya kutengenezwa tu.
– Namna ya kulinda. Kama imeandikwa baridi na wewe umeikuta ku meza ya jua, acha.
– Kama imeandikwa kwamba yaurti ilipashwa moto kisha kuchacha ili ikae miezi bila frigo, ni chakula, lakini bakteria zake zimekufa.
– Sukari. Vinywaji vingi vinajaa sukari, na kwa mutoto anayehara sukari nyingi inaongeza maji tumboni.

Vidonge na poda za boulardii zilizokaushwa zinavumilia joto kuliko vinywaji. Kama munganga anaona probiotiki inahitajika kweli, mara mingi hiyo ndiyo inafaa zaidi inchi yenye joto.

Vyetu vya kuchacha

Watu wa Katanga ya zamani, ambamo mukoa wetu wa Tanganyika ulitoka mwaka 2015, wanajua munkoyo: uji wa mahindi unaotiwa mizizi, unaachwa siku moja ao mbili, unakuwa muchachu. Kivu wako na mashanza, Tanzania mtindi na togwa, Kenya mala. Vyote vinafanywa na bakteria za jamii moja na zile za chupa.

Je, ni probiotiki? Kwa sheria ya lile neno, hapana, juu mikrobe zake hazikuhesabiwa. Lakini ziko na faida yake. Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Tanzania waliona kama watoto waliolishwa uji uliochacha walihara mara chache kuliko wale wa uji wa kawaida. Sababu inaeleweka: uchachu unazuia mikrobe mbaya kuzaana ndani ya chakula kinachokaa muchana kutwa bila frigo. Hata kuloweka muhogo siku kadhaa ni kazi ya mikrobe hizo, na inapunguza sumu ile ambayo, ikibaki, inaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu.

Wengine wameunganisha njia hizi mbili. Mwanza, tangu 2004, kikundi cha wamama Tukwamuane, pamoja na chuo kikuu cha Western cha Kanada, walianza kutengeneza yaurti ya probiotiki kwa maziwa ya pale pale. Uganda, shirika Yoba for Life linatoa poda ya kuanzishia: gramu moja inatosha litre 100 za maziwa. Kinywaji kinatengenezwa karibu na munywaji, kwa hiyo safari inakuwa fupi na bei inashuka.

Lakini tuangalie: uchachu hauue kila kitu. Munkoyo uliochanganywa na maji ya Lualaba yasiyochemshwa unaweza kuleta kolera. Maji yachemke, vyombo na mikono vioshwe kwa sabuni. Na malofu ao lutuku si dawa ya tumbo.

Mutoto akihara: nini kwanza?

1. SRO tangu choo cha kwanza cha maji. Kama pakiti haipatikani: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mutoto chini ya miaka 2 anywe mililitre 50 mpaka 100 kisha kila choo. Mukubwa zaidi, 100 mpaka 200. Akitapika, ngojea dakika 10, uanze tena polepole.
2. Zinki siku 10 mpaka 14: miligramu 20 kwa siku, ao 10 kama hajafikisha miezi sita.
3. Aendelee kunyonya na kula.
4. Mbio ku kituo cha afya kama choo kinatoka sawa maji ya mchele, kama kuna damu, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, ao amelegea. Mukoa wetu unajua kolera. Inaweza kuua kwa saa chache.

Nani asitumie bila munganga?

Mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati, mutu ambaye kinga yake ya mwili imeanguka sana, na mugonjwa mwenye mupira ndani ya mushipa mukubwa wa damu. Kwao, mikrobe hai zinaweza kuingia ndani ya damu. Mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya watoto wa namna hiyo kisha kifo cha mumoja wao.

Kwa wengine wote, probiotiki mara mingi haina hatari. Hatari ni kuchelewa. Mutu anayependa yaurti na mwenye uwezo, anywe kama chakula. Lakini nyumba yenye kuchagua kati ya chupa ile na sabuni, maji safi, pakiti mbili za SRO zinazongoja ku kabati: ichague hivi vya pili.