Rupia za Bengal na Viti vya Bunge la Uingereza

Wahenga walisema: Penye udhia penyeza rupia. Methali hii hudhaniwa kuwa ni ya sokoni na forodhani tu. Walakini historia yatuonyesha kwamba rupia ziliwahi kupenya hata ndani ya Bunge la Uingereza, ambalo mataifa mengi yamelifanya kuwa kigezo chao.

Katika mwaka 1754 Robert Clive, mtumishi wa Kampuni ya East India, aligombea kiti cha Bunge katika kijiji cha St Michael, pande za Cornwall. Alitumia fedha nyingi akatangazwa mshindi, lakini mwaka uliofuata Bunge likamwondoa, naye akarejea Bara Hindi. Tarehe 23 Juni 1757, katika vita vya Plassey, alimshinda Siraj-ud-Daulah, Nawabu Mwislamu wa Bengal, baada ya kula njama na Mir Jafar, jemadari wa Nawabu huyo. Mir Jafar akapewa utawala, na Clive akapokea zawadi ya pauni 234,000. Aliporudi kwao alikuwa tajiri mkubwa. Mwaka 1761 akaingia Bungeni kwa mji wa Shrewsbury, asitoke tena hata alipofariki mwaka 1774.

Wala hakuwa peke yake. Wengine waliotajirika Bara Hindi walinunua viti vivyo hivyo, wakaitwa "nabob", jina lililotokana na cheo cha Nawabu. Njia yao ilikuwa nyepesi, kwa kuwa mahali kama Old Sarum, penye wapiga kura wasiozidi 11, palipeleka wajumbe wawili, hali Manchester, mji wa watu wengi, haukuwa na mjumbe wake. Tena kura ilitolewa kwa kutamka jina hadharani, mwenye shamba akisikiliza. Na mpangaji aliyemwasi aliweza kufukuzwa.

Waliolipa gharama walikuwa mbali. Mwaka 1765 Kampuni ilipata haki ya kukusanya kodi ya Bengal. Njaa kuu ya mwaka 1770 iliua watu wengi mno, na kodi ikaendelea kutozwa. Mwaka 1773 Bunge lilichunguza utajiri wa Clive, likathibitisha kiasi alichopokea, kisha likatamka kwamba ameitumikia nchi yake vyema. Watu wa Bengal hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo, bali mali iliyotoka kwao ilikuwa na wajumbe wake.

Dawa ilipatikana polepole. Sheria ya mwaka 1832 ilifuta viti vya mahali kama Old Sarum. Ya mwaka 1872 ikaleta kura ya siri. Na ya mwaka 1883 ikaweka mpaka wa fedha za kutumia katika uchaguzi. Tangu Plassey hadi hapo ilipita miaka 126.

Sheria hizo zilimzuia mnunuzi. Lakini pasipo muuzaji hapana biashara. Uislamu umeiharamisha rushwa kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia. Kura ni amana, iwe ya kumchagua mjumbe wa Bunge au mweka hazina wa msikiti; na anayeiuza huuza pamoja nayo haki ya jirani yake, ambaye hakupata hata senti katika bei hiyo.