Kibali cha Kutengeneza Nyumba ya Mji Mkongwe

Ukipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, msomaji, utaona nyumba ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Nyingi zilijengwa katika karne ya kumi na tisa na watu wenye mali, kila moja kwa aila moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitwaliwa na serikali, na watu wakakaa humo chumba kwa chumba. Hivyo aila nne au tano zikawa chini ya paa moja ambalo si mali ya hata moja kati yao.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO iliutia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Atakaye kubomoa ukuta, kubadili dirisha au kuongeza ghorofa hana budi kuomba kibali kwanza.

Sasa fikiri kwamba paa lavuja. Nani aombe? Mpangaji si mwenye nyumba. Mwenyewe huenda akawa serikali, au wakfu, au warithi waliotawanyika mpaka Oman, na sahihi zao hazikusanyiki kwa siku moja. Masika hayangoji sahihi; boriti huoza.

Lakini usidhani kibali ni inda ya karani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu, kisha huutoa. Ukipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huchipuka, na jiwe humomonyoka mahali jicho lisipofika. Sakafu ya zege nayo huzilemea kuta ambazo hazikujengwa kwa uzito huo. Na hata kazi yenye idhini ina hatari yake: Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika kutengenezwa, wakafa watu wawili.

Sheria basi ina haki. Lililo zito, kwa maoni yangu, ni kwamba chokaa hutaka siku nyingi na fundi aijuaye, na saruji inauzwa duka la jirani. Mpangaji aambiwa alinde urithi wa dunia nzima kwa mfuko wake mwenyewe. Barua ikizunguka ofisini, wa juu hutega ndoo chini ya tundu, na wa chini huhamisha kitanda.