Weekend (filamu ya 2011)

Weekend ni filamu ya mapenzi kutoka Uingereza iliyoandikwa, kuongozwa na kuhaririwa na Andrew Haigh. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 2011 katika tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas, Marekani. Inasimulia siku chache za wanaume wawili, Russell na Glen, wanaokutana Ijumaa usiku katika klabu mjini Nottingham na kuagana Jumapili. Russell ameigizwa na Tom Cullen, na Glen na Chris New. Filamu ina urefu wa takriban dakika 97 na ilitengenezwa kwa bajeti ndogo ya pauni 120,000 hivi.

Weekend ni mojawapo ya filamu muhimu kuhusu wapenzi wa jinsia moja katika karne ya 21. Uzito wake unatokana na jinsi inavyolichukulia penzi la siku mbili kwa heshima ambayo sinema kwa kawaida huiwekea mapenzi ya miaka mingi. Pia inaonyesha kwamba mtu hujifahamu pale anapompata mwenzake wa kumsikiliza hadi mwisho.

Hadithi

Russell anafanya kazi ya kulinda waogeleaji kwenye bwawa la umma. Ijumaa jioni yuko nyumbani kwa rafiki yake wa tangu utotoni, Jamie, mwenye mke na watoto. Wote wanajua kwamba Russell anapenda wanaume, wala hakuna anayemsema. Hata hivyo anaaga mapema akisema amechoka, kisha anakwenda peke yake kwenye klabu, na huko anakutana na Glen.

Asubuhi Glen anatoa kinasa sauti kidogo na kumtaka Russell aeleze yote yaliyotokea usiku: alimwonaje mara ya kwanza, alitamani nini, aliona haya wapi. Ni sehemu ya kazi ya sanaa anayoiandaa. Russell anajibu kwa kusitasita, akiyameza maneno, na Glen anazidi kumdadisi. Hapo tofauti yao inajitokeza: mmoja anataka mambo yasemwe waziwazi, mwingine amezoea kuyaweka moyoni.

Wanaonana tena Jumamosi, na Glen anafichua kwamba kesho yake anahamia Portland, Oregon, kusoma sanaa kwa miaka miwili. Usiku huo wanaenda kuwaaga marafiki zake baa, wanapanda magari ya kugongana kwenye gulio la burudani, kisha wanakesha nyumbani kwa Russell wakinywa, wakivuta dawa za kulevya, wakibishana na kupendana. Jumapili Russell yuko kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binti yake wa ubatizo, mtoto wa Jamie. Jamie anaona rafiki yake hana raha na anamuuliza kulikoni. Russell anamweleza, na Jamie anamwendesha hadi stesheni akamuwahi Glen kabla ya treni kuondoka.

Wahusika

Russell hakuwajua wazazi wake. Alilelewa katika familia za malezi, na undugu wake na Jamie ulianzia huko. Kwake swali la kujitambulisha lina ukali wa pekee, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mzazi wa kumwambia yeye ni nani. Nyumbani ana maandishi yake ya siri kwenye kompyuta kuhusu wanaume aliowahi kulala nao. Bila kuambizana, wanaume hawa wawili wanafanya kazi ileile ya kuhifadhi kumbukumbu za mapenzi, mmoja kwa kuandika gizani, mwingine kwa kurekodi mbele za watu.

Glen ana maneno mengi na ulimi mkali. Vijana wanapopiga kelele za matusi chini ya jengo, anawajibu kutoka dirishani. Kwenye baa anawasha ubishi na wateja waliokerwa na mazungumzo yake. Ndoa kwake ni kuiga maisha ya wengine, na anasema hataki mpenzi wa kudumu. Taratibu mtazamaji anagundua kwamba msimamo huo una jeraha nyuma yake, la mpenzi wa zamani aliyemvunja moyo. Ujasiri wake ni wa kweli, lakini pia ni kinga.

Utayarishaji

Haigh alizaliwa mwaka 1973 huko Harrogate, kaskazini mwa England, na aliingia sinema kupitia chumba cha uhariri, akiwa mhariri msaidizi katika filamu kubwa kama Gladiator (2000). Filamu yake ndefu ya kwanza, Greek Pete (2009), ilimfuata mwanamume anayeuza mwili jijini London. Weekend ilikuwa ya pili. Mtayarishaji alikuwa Tristan Goligher, na mpiga picha mkuu Ula Pontikos.

Upigaji picha ulifanyika Nottingham, mji wa katikati ya England ambao sinema haijauzoea kama London. Makazi ya Russell, yaliyo ghorofa ya 14, yalipigwa katika majengo marefu ya halmashauri huko Lenton, ambayo baadaye yalibomolewa. Matukio ya gulioni yalipigwa kwenye Goose Fair, gulio la kale linalofanyika mjini humo kila vuli. Gulio hilohilo liko katika Saturday Night and Sunday Morning (1960), filamu maarufu ya Karel Reisz kuhusu kijana wa kiwandani wa Nottingham. Kwa kupiga picha pale, Haigh aliwaweka wapenzi wake ndani ya jadi ya sinema ya Kiingereza ya watu wa kawaida, jadi ambayo kwa miaka mingi haikuwapa wanaume kama Russell nafasi ya mbele.

Matukio mengi yalipigwa kwa kufuata mfuatano wa hadithi. Cullen na New walizidi kuzoeana kadiri wahusika wao walivyozoeana, na ukaribu huo unaonekana.

Mtindo

Mazungumzo yanaachwa yaende kwa dakika kadhaa bila kukatwa, kamera ikiwa imetulia. Ndani ya nyumba kamera iko karibu kiasi cha kuona mtu anavyoshusha macho kabla ya kujibu. Nje inasogea mbali, na wapenzi wanaonekana kati ya umati, nyuma ya vioo na vyuma, kana kwamba anayewatazama ni mpita njia. Kila Glen anapoondoka, Russell anasimama dirishani akimfuata kwa macho kule chini, mtu mdogo anayekatiza uwanja. Picha inayorudiwa ni ileile, lakini kila mara uchungu umeongezeka.

Hakuna muziki wa kumwelekeza mtazamaji wakati wa kulia. Nyimbo za John Grant, mwanamuziki wa Marekani, zinasikika sehemu chache tu, hasa mwishoni.

Maudhui

Russell hajifichi. Marafiki wanajua, na hakuna aliyemfukuza. Lakini kazini, wenzake wanapozungumzia ngono na wanawake saa ya mapumziko, yeye anakaa kimya akila. Anasema kwamba akiwa nyumbani hana shida, bali akitoka nje kitu kinambana. Hapo ndipo kiini cha filamu kilipo: sheria inaweza kubadilika na jamaa wakaridhia, na bado mtu akabaki akipima kila neno mbele za watu.

Historia inaeleza hali hiyo. Nchini Uingereza kifungu cha 28 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1988 kiliikataza halmashauri yoyote kuendeleza ushoga, na hakikufutwa England hadi 2003. Vijana wa rika la Russell walisoma shuleni wakati walimu wengi waliogopa hata kuligusa jambo hilo. Ubia wa kiraia kwa wapenzi wa jinsia moja ulianza Desemba 2005, ilhali ndoa kamili ilianza England na Wales Machi 2014. Kwa hiyo Russell na Glen wanapobishana kuhusu ndoa, wanabishana juu ya haki ambayo bado hawajapewa. Russell anaona kwamba watu wawili kusimama hadharani na kutamka kuwa wanapendana ni jambo la ujasiri. Filamu haimtangazi mshindi.

Tukio lenye uzito kuliko yote ni dogo. Wakiwa wamelala kitandani, Glen anajitolea kuwa baba yake Russell kwa muda, ili Russell amwambie kile ambacho hakupata kumwambia mzazi yeyote. Russell anasema. Glen, kwa sauti ya mzazi, anamjibu kwamba anampenda vilevile na anajivunia. Maigizo hayo ya dakika moja yanampa Russell jambo alilolikosa maisha yake yote, na anayempa ni mtu aliyemfahamu tangu juzi. Filamu inasimamia hoja yake hapo: ufupi wa penzi haupunguzi kile linachokitenda.

Ndiyo maana kuagana kwao stesheni kuna maana kuliko huzuni peke yake. Russell, aliyekuwa akikwepa hata kushikana mikono hadharani, anambusu Glen mbele za watu, na sauti za kebehi zinasikika kwa mbali. Glen anamwachia kinasa sauti kile cha mwanzo.

Mapokezi

Katika tamasha la South by Southwest, Weekend ilipata tuzo ya watazamaji katika kundi la Emerging Visions. Katika Tuzo za Filamu Huru za Uingereza za 2011, Cullen alitangazwa mwigizaji mpya mwenye matumaini makubwa, na filamu ikashinda tuzo ya utayarishaji. Haigh alipewa na gazeti la Evening Standard tuzo ya mswada bora. Mwaka 2012 kampuni ya Criterion iliiingiza katika mkusanyiko wake, heshima ambayo filamu mpya ya bajeti ndogo huipata kwa nadra.

Ndani ya filamu Glen anatabiri kwamba kazi yake ya sanaa haitapata watazamaji, kwa kuwa wapenzi wa jinsia moja watakuja kutafuta uchi na wengine wataona haiwahusu. Weekend yenyewe ilipokewa tofauti: ilivuka mipaka hiyo na kupendwa na watu wa kila aina.

Nchini Italia ilifika kumbini Machi 2016. Tume ya tathmini ya filamu ya Baraza la Maaskofu Katoliki la nchi hiyo iliitaja kuwa isiyofaa, na kumbi za parokia, ambazo ni nyingi, zikafungwa kwake. Ilianza katika kumbi 10 tu, lakini wastani wa watazamaji kwa kila ukumbi ukawa wa juu.

Athari

Machi 2016 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilitangaza kura ya wataalamu zaidi ya 100 kuhusu filamu bora za wapenzi wa jinsia moja za nyakati zote. Weekend ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Carol ya Todd Haynes.

Haigh aliendelea na tamthilia ya televisheni Looking (2014–2016), kisha 45 Years (2015), iliyomletea Charlotte Rampling uteuzi wa Oscar. Katika All of Us Strangers (2023) alirejea kwenye swali alilolianzisha Nottingham. Mhusika wake, mwandishi anayeishi kwenye jengo refu jijini London, anakutana na wazazi wake waliokufa angali mtoto, na anawaambia kwamba anapenda wanaume. Mazungumzo ambayo Glen aliyaigiza kitandani kwa dakika moja yamekuwa filamu nzima. Kuziangalia filamu hizo mbili pamoja ni kuona wazi kinachomshughulisha mwongozaji huyu: hitaji la kila mtu la kusema yeye ni nani, na kujibiwa kwa upendo.