Moyo Uliozoea: Kutoka Makafi ya Mtangata hadi Mchakamchaka

Mapema mwezi wa Aprili 1498, jua halijachomoza, merikebu ya Wareno iliyoitwa São Rafael ilipanda fungu la mchanga mbele ya mji wa Mtangata, kusini ya Tanga ya leo. Maji yakapwa, chombo kikabaki juu. Mabaharia hawakuwa na la kufanya ila kungoja maji yajae tena. Wakiwa katika kungoja huko ikawajia mitumbwi miwili kutoka bara, mmoja umesheheni machungwa. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo ya Vasco da Gama alikiri kwamba machungwa yale yalikuwa mazuri kushinda ya Ureno.

Lile fungu limeandikwa sana, na Wareno walilipa jina la chombo chao. Machungwa nayo yameandikwa. Waliopiga makafi hawana aliyewaandika. Merikebu ilikuwa imekwama maili kadhaa kutoka ufukweni, na mtumbwi uliojaa matunda ni mzito. Yule aliyekaa tezi alifika ubavuni mwa merikebu kifua kikipanda na kushuka, jasho likimtiririka mgongoni, moyo ukimdunda.

Mtangata ndiyo Tongoni ya leo. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa, na jina hilo limepafaa mahali hapo: msikiti mkubwa wa mawe usio na paa, makaburi yapatayo 40, na nguzo za makaburi zaidi ya 20, nyingi zake zimekwisha kuanguka. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye nguzo za makaburi nyingi hivyo pamoja. Mgeni anayekwenda huko kwa barabara ya Pangani, mwendo wa kilomita 17 hivi kutoka Tanga mjini, huwaza utajiri wa mji ule na biashara yake. Ni mara chache mtu kuwaza jasho. Matumbawe ya kujengea yalikatwa baharini yangali laini, yakabebwa maji yakiwa yamepwa, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mengine yalichomwa kuwa chokaa, na tanuri la chokaa hula kuni nyingi zinazopaswa kukatwa na kubebwa. Maji ya kunywa yalitoka kisimani. Nafaka ilitwangwa kwa mchi. Nazi ilishushwa na mkwezi, na mkwezi hana njia ya mkato ya kufika kileleni.

Basi kilikuwa kinatokea nini ndani ya vifua vya watu hao? Mtoto wa darasa la nne anaweza kujibiwa bila kitabu. Akunje ngumi: moyo wake unakaribia ukubwa huo. Ni msuli wenye pande mbili. Upande wa kulia husukuma damu kwenda mapafuni ikachukue hewa ya oksijeni, na upande wa kushoto huisukuma damu hiyo kwenda mwilini kote, toka utosini hadi kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Kila pigo la moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa damu ya kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo kinachouzwa barazani pamoja na kashata. Mapigo ni kama 70 kwa dakika. Vikombe 70 vikimiminwa katika kidumu cha lita tano, kidumu kinajaa. Hiyo ndiyo kazi ya moyo kwa dakika moja, mwenyewe akiwa amekaa tu anapunga upepo.

Sasa mtu huyo ashike kafi. Misuli ya mabega, mgongo na mapaja inaanza kudai oksijeni, na moyo hauna budi kuitika. Mapigo yanaongezeka, na kila pigo linabeba damu nyingi kuliko awali. Mishipa iendayo kwenye misuli inatanuka, ile iendayo tumboni inabana kidogo. Ndiyo maana kukimbia mara baada ya kushiba ugali hakupendezi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kidumu cha lita tano kinageuka kuwa ndoo ya lita 20 kwa dakika ileile moja. Ndoo nzima! Anayeteka maji kisimani anajua uzito wake.

Hayo ni ya siku moja. Mambo ya ajabu zaidi hutokea kazi inaporudiwa kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Msuli wa moyo unapata nguvu, chumba chake kinatanuka kidogo, kikombe cha kahawa kinakuwa kikombe cha chai. Moyo wa namna hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi mwenyewe anapopumzika. Mapigo yakishuka kutoka 75 hadi 60 kwa dakika, moyo unajiokolea mapigo 21,600 kila siku ya mapumziko.

Kiswahili kilikwisha kulisema jambo hili katika neno moja. Zoezi limetoka katika kuzoea. Anayefanya mazoezi anauzoesha mwili wake shida kidogo kidogo hadi shida ile iwe si shida. Neno la pili, riadha, tumelipata kwa Waarabu, na lilikuwa neno la waganga kabla ya kuwa la wanamichezo: Ibn Sina, katika kitabu chake Qanun alichokikamilisha kama mwaka 1025, aliitengea riadha sehemu yake miongoni mwa njia za kuhifadhi afya. Mwaka 1242, huko Cairo, Ibn al-Nafis aliandika kwamba damu haipenyi ukuta uliopo kati ya pande mbili za moyo, bali hupitia mapafuni. William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu mwilini mwaka 1628. Wapiga makafi wa Mtangata wanaangukia katikati ya mabwana hao wawili wa mwisho. Hawakuhitaji kumsoma yeyote kati yao ili mioyo yao izoee.

Hata hivyo, moyo haushibi kwa kazi peke yake. Januari 1499 meli za da Gama zilipita tena Mtangata zikirudi kutoka India. Safari ya kuvuka bahari ilikuwa imechukua karibu miezi mitatu, watu 30 wamekufa, ufizi wa walio hai umevimba kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na katika kila chombo walibaki saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Wale walikuwa watu wa kazi ngumu, waliokwea milingoti na kuvuta kamba tangu utoto. Kazi haikuwasaidia. Hawakutosha tena kuendesha meli tatu, hivyo waliichoma moto São Rafael palepale kwenye mafungu yake. Tanga, ambayo leo wilaya yake ya Muheza hujaza malori ya machungwa, ina haki ya kuukumbuka mkasa huo kwa sababu zaidi ya moja.

Wazee hupenda kusema kwamba watu wa zamani walikuwa na afya kwa sababu walifanya kazi. Ni nusu ya kweli. Nusu ya pili iko kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg; ilisalia hai 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na mashamba yakaenea Tanga nzima. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Vibarua waliokuja kutoka mbali, wale walioitwa manamba, walikata majani yenye miiba tangu alfajiri hadi kazi waliyopangiwa iishe, na kadi yao ya kazi ikajazwa siku 30 za kazi kabla ya mshahara. Ungewapima mapigo ungeyakuta juu kama ya mpiga kafi. Lakini mwili huzoea wakati wa kupumzika, baada ya kula na kulala. Jasho lisilofuatwa na chakula cha kutosha wala usingizi humchosha mtu, halimjengi, na si haki kuliita zoezi.

Mazoezi yanayokumbukwa kwa tabasamu na Watanzania wengi waliosoma shule za msingi ni mchakamchaka. Neno lenyewe linasikika kama miguu mingi ikigonga udongo kwa pamoja. Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 liliufanya kuwa desturi ya kila alfajiri, na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikaikuta shule tayari kuupokea. Enzi hizo kutembea na kukimbia kulikuwa siasa pia: Oktoba 1967 Rais Nyerere mwenyewe alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Watoto wa shule hawakuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Walizunguka kijiji umande haujakauka, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, wengi wao pekupeku.

Ule wimbo una siri yake. Anayekimbia kwa kasi kupita kiasi hawezi kuimba, pumzi inamkatika katikati ya ubeti. Anayekwenda polepole mno anaimba vizuri lakini moyo wake haujaamka. Yule anayeweza kuitikia kiitikio, akihema kidogo, ndiye aliye kwenye mwendo unaoufaa moyo. Wataalamu wa mazoezi leo huwaambia watu wapime mwendo wao kwa kujaribu kuongea au kuimba. Wavuvi wanaovuta chombo pwani kwa wimbo, na mabaharia waliopiga makasia kwa wimbo, walikuwa na kipimo hicho midomoni mwao siku zote.

Uthibitisho wa kitabibu ulichelewa, tena ulipatikana mahali pasipotarajiwa, kwenye mabasi ya London. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa, katika kundi la wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Dereva alikaa kutwa nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi tena na tena akikata tiketi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makonda walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Watu wale walitoka mji mmoja, walihudumu katika basi moja, ila mmoja alikuwa na ngazi.

Miaka ya 1960 swali likahamia kwetu. George Mann, daktari wa Kimarekani, aliwapima Wamaasai waliokula maziwa na nyama kwa wingi na kukuta maradhi ya moyo ni nadra kwao. Baadaye timu yake ilichunguza mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki, na mwaka 1972 ikaeleza jambo la kushangaza: mafuta yalikuwa yameganda kwenye mishipa inayoulisha moyo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipata njia. Mann aliamini kutembea kwao kwingi kulikuwa na sehemu katika hilo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, walipovishwa vifaa vya kuhesabu mapigo katika miaka ya karibuni, walionekana kuushughulisha moyo kwa zaidi ya saa moja kila siku bila kuliita jambo hilo kwa jina lolote. Ni kutafuta asali, mizizi na nyama tu.

Tanga ya leo bado ina baiskeli nyingi, na tambarare yake inazipenda. Lakini bodaboda zimeingia hata Tongoni, maji ya bomba yamempunguzia mtoto safari za kisimani, na hakuna mama anayeyasikitikia mabadiliko hayo. Kilichopotea ni mwendo uliokuwa unakuja wenyewe. Sasa inabidi utengewe saa yake. Zanzibar imeufanya Januari mosi kuwa siku ya mazoezi, watu wakaanza mwaka kwa kukimbia barabarani. Bara, Desemba 2016, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 kila siku, na hizo zinapatikana katika rede, kombolela, kuruka kamba na mpira wa makaratasi bila kununua kitu. Mtoto anayeumwa kifua au kuzimia akicheza ndiye asiyefaa kuambiwa azoee tu. Huyo apelekwe kwa daktari.

Anayetaka kuuona moyo ukifanya kazi aweke vidole viwili chini ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Mtoto aliyetulia anaweza kupata 80 au 90. Akizunguka uwanja mbio mara mbili atapata 160 au zaidi, kisha akikaa chini ya mwembe mapigo yataanza kushuka kabla dakika haijaisha. Kwa aliyezoea hushuka upesi zaidi.

Chini ya magofu ya Tongoni, maji yanapoanza kujaa, ngalawa husukumwa kutoka kwenye mchanga kama zamani. Wawili hushika ubavu huu na wawili ubavu ule, mmoja anahesabu, wote wanasukuma. Chombo kikishaelea, anayebaki nchi kavu huketi juu ya jiwe, mikono magotini, akingoja pumzi irudi.