Nani Abebe Hasara? Historia ya Mabadiliko kutoka Kadi za Utepe wa Sumaku hadi Kadi za Chipu Nchini Ufaransa, Uingereza na Marekani

1.0 Utangulizi

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1992, kadi zote za malipo zilizotolewa na benki za Ufaransa chini ya mfumo wa pamoja wa Cartes Bancaires zilikuwa na chipu. Nchini Uingereza, ilikuwa tarehe 14 Februari 2006 ambapo mwenye kadi ya chipu alianza kutakiwa kuingiza namba ya siri dukani badala ya kutia sahihi. Marekani, nchi iliyouzaa utepe wa sumaku na yenye makao ya kampuni kubwa kuliko zote za kadi, ilisubiri hadi tarehe 1 Oktoba 2015 ndipo kanuni za kampuni hizo zilipowasukuma wafanyabiashara wa rejareja kuipokea chipu. Kati ya tukio la kwanza na la mwisho imepita takriban miaka 23. Insha hii inajiuliza kwa nini teknolojia moja, iliyofahamika kwa wote, ilipokewa kwa nyakati zilizoachana kiasi hicho.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ulaghai ulizidi, nazo benki zikatafuta kinga iliyo bora. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwa kuwa ulaghai wa kadi ulikuwapo katika nchi zote tatu. Hoja ya insha hii ina sehemu mbili. Kwanza, kasi ya mabadiliko ilitegemea zaidi gharama ya kuomba idhini kwa njia ya simu na kanuni ya kuamua nani abebe hasara. Pili, chipu haikupunguza hasara tu, bali pia iliihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na katika uhamisho huo mwenye kadi hakuwa na sauti kubwa.

2.0 Utepe wa sumaku na udhaifu wake

Wazo la kubandika utepe wa sumaku kwenye kadi ya plastiki lilitokana na kazi ya Forrest Parry, mhandisi wa kampuni ya IBM, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 viwango vya kimataifa viliuwezesha utepe huo kusomwa na mashine za watengenezaji mbalimbali. Kabla ya hapo mwuzaji alichapa namba zilizoinuka juu ya kadi kwenye karatasi ya kaboni, kisha akaipeleka karatasi hiyo benki.

Utepe huhifadhi taarifa zisizobadilika: namba ya kadi, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama chache za uthibitisho. Mstari wake wa pili, unaotumika zaidi katika malipo, hauzidi herufi 40. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kinachoweza kusomwa na mashine ya dukani kinaweza kusomwa na mashine ya mwizi, na kikishasomwa kinaweza kuandikwa upya kwenye kadi nyingine. Mashine ya malipo haina namna ya kutofautisha utepe halisi na nakala yake.

Kwa hiyo usalama wa mfumo huo haukuwa ndani ya kadi, bali ndani ya mawasiliano. Mashine ilipiga simu kwa benki, benki ikatazama kama kadi imeripotiwa kuibwa au kama matumizi yake si ya kawaida, kisha ikatoa idhini au ikakataa. Katika nchi ambayo simu ilikuwa rahisi na mistari yake mingi, kinga hiyo ilitosha kwa muda mrefu. Marekani ilikuwa nchi ya namna hiyo. Ufaransa ya miaka ya 1970 na 1980, ambako kuomba idhini kwa simu kwa kila ununuzi mdogo kulikuwa ghali, haikuwa hivyo.

3.0 Ufaransa: kadi inayojibu yenyewe

Chipu haikuvumbuliwa na mtu mmoja. Jürgen Dethloff na Helmut Gröttrup waliomba hataza nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, na Kunitaka Arimura akafanya hivyo nchini Japani mwaka 1970. Roland Moreno aliwasilisha ombi lake nchini Ufaransa tarehe 25 Machi 1974. Kadi ya Moreno ilikuwa ya kumbukumbu iliyolindwa. Michel Ugon, wa kampuni ya CII-Honeywell Bull, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitia kadi kichakataji, yaani kuifanya iweze kukokotoa na si kuhifadhi tu.

Tofauti hiyo ni ya msingi. Chipu yenye kichakataji inaweza kutunza siri ambayo haitoki nje. Mashine huuliza, chipu hujibu, na jibu huthibitisha kwamba siri imo bila kuifichua siri yenyewe. Vilevile chipu inaweza kuipima namba ya siri aliyoiingiza mteja bila kupiga simu popote. Kwa mfumo wa malipo wenye simu ghali, hilo lilikuwa suluhisho la tatizo la gharama kabla ya kuwa suluhisho la tatizo la wizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yalifanywa katika miji ya Blois, Caen na Lyon. Mwaka 1984 benki ziliunda chombo cha pamoja cha Cartes Bancaires, na ni umoja huo uliowezesha uamuzi mmoja kutekelezwa nchi nzima. Kadi za simu za umma zenye chipu nazo ziliwazoesha wananchi kifaa hicho kabla hakijaenea katika kadi za benki.

Hata hivyo, kadi ya Ufaransa haikuwa ngome isiyobomolewa. Mashine za dukani zilithibitisha uhalali wa kadi kwa kutumia thamani isiyobadilika, iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa biti 320. Urefu huo ulitosha ulipochaguliwa, lakini si katika miaka ya 1990. Mhandisi Serge Humpich aliuvunja ufunguo huo, akaonyesha udhaifu kwa kununua tiketi za metro ya Paris kwa kadi alizotengeneza mwenyewe, na mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha nje. Kisa hicho kinafundisha kwamba mfumo uliotangulia kuwa bora ndio uliotangulia pia kuzeeka.

4.0 Uingereza: ulaghai uliobadili njia

Mwaka 1996 kampuni za Europay, Mastercard na Visa zilichapisha viwango vya pamoja vilivyokuja kujulikana kwa herufi za kwanza za majina yao, EMV. Kwa viwango hivyo kadi ya nchi moja iliweza kutumika katika mashine ya nchi nyingine. Uingereza ilifanya jaribio la umma mjini Northampton mwaka 2003. Kuanzia tarehe 1 Januari 2005 dhima ilihamishwa: pale ambapo ulaghai ungezuiwa na chipu, hasara ingebebwa na upande ambao haukuwa umejiandaa kuitumia. Mfanyabiashara aliyechelewa kununua mashine mpya alijikuta akilipia uchelewaji wake.

Takwimu za taasisi za benki za Uingereza zinaonyesha matokeo yasiyonyooka. Hasara ya ulaghai wa kadi ilikuwa takriban pauni milioni 505 mwaka 2004, ikashuka hadi takriban milioni 427 mwaka 2006, kisha ikapanda hadi takriban milioni 610 mwaka 2008. Ongezeko hilo halikutokana na kuvunjwa kwa chipu dukani. Ulaghai wa manunuzi ya mbali, ambamo kadi yenyewe haionekani, ulitoka takriban pauni milioni 151 mwaka 2004 hadi milioni 328 mwaka 2008. Aidha, nakala za utepe wa kadi za Uingereza zilipelekwa kutumika katika nchi ambazo mashine zake bado zilisoma utepe. Maadamu utepe ulibaki nyuma ya kadi yenye chipu, udhaifu wa zamani uliendelea kuishi ndani ya kadi mpya.

Swali zito zaidi lilihusu ushahidi. Zama za sahihi, mteja aliyekana malipo aliweza kudai karatasi ioneshwe, na sahihi iliyoghushiwa ilikuwa hoja yake. Zama za namba ya siri, rekodi ya kompyuta ilisema tu kwamba namba sahihi iliingizwa. Ilikuwa rahisi kwa benki kuhitimisha kwamba mteja alizembea au anasema uongo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiwamo Steven Murdoch na Ross Anderson, walionyesha kwamba kadi iliyoibwa iliweza kutumika dukani bila namba ya siri kujulikana: kifaa kilichowekwa kati ya kadi na mashine kiliiambia mashine kwamba namba imekubaliwa, huku kadi ikiamini kwamba mteja ametia sahihi. Kanuni za huduma za malipo za mwaka 2009 zilikuwa zimekwisha kueleza kwamba rekodi ya matumizi ya kadi peke yake si lazima itoshe kuthibitisha idhini ya mteja. Utafiti huo uliipa kanuni hiyo uzito wa kiufundi.

5.0 Marekani: gharama ya kuchelewa

Uchelewaji wa Marekani haukuwa uzembe mtupu. Mawasiliano yalikuwa rahisi, benki zilikuwa maelfu na hazikuwa na chombo kimoja cha kuziamuru, na mashine za kubadilishwa zilikuwa mamilioni. Zaidi ya hayo, sheria za shirikisho za miaka ya 1970 zilikuwa zimemwekea mwenye kadi ya mkopo kikomo cha dola 50 kwa matumizi yasiyo na idhini yake. Hasara iligawanywa kati ya benki na wafanyabiashara, na kila upande ulisubiri mwenzake aanze kugharimika.

Mwishoni mwa mwaka 2013 taarifa za kadi takriban milioni 40 ziliibwa kutoka mashine za malipo za maduka ya Target. Chipu isingezuia wizi wa namba za kadi, lakini ingezuia kutengenezwa kwa nakala za kutumika katika mashine zenye kusoma chipu. Oktoba 2014 Rais Barack Obama alitia saini amri ya kuingiza chipu na namba ya siri katika malipo ya serikali ya shirikisho, na Oktoba 2015 dhima ikahamishwa kwa maduka. Vituo vya mafuta vilipewa muda zaidi, ukaongezwa hadi Aprili 2021, kwa sababu mashine zilizojengewa ndani ya pampu zilikuwa ghali kubadilishwa. Kadi nyingi za mkopo zilitolewa na chipu bila kudai namba ya siri dukani.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza mpango wa kuuondoa utepe hatua kwa hatua, ili kufikia mwaka 2033 usiwepo kwenye kadi zake. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba utepe haukuondoka kwa kuwa ulishindwa, maana ulijulikana kuwa dhaifu kwa miongo kadhaa. Uliondoka pale ambapo kuubakiza kulimgharimu yule mwenye uwezo wa kuuondoa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki suala hili haliko mbali. Laini ya simu ni kadi ya chipu ya ukoo uleule, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, watu wengi wamezoea kulinda fedha zao kwa chipu na namba ya siri bila kuwahi kushika kadi ya benki. Kwa hiyo swali la Uingereza ni lao pia: rekodi ikisema namba ya siri iliingizwa, naye mwenye fedha akikana, ni nani anayewajibika kuthibitisha? Chipu inaweza kusema kwamba siri fulani imetumika. Haiwezi kusema ni mkono wa nani ulioitumia, na jibu la swali hilo limebaki kuwa kazi ya sheria.