Mwalimu na Masikini wa Bonde la Rufiji

Kila mwaka ikaribiapo tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, mabaraza ya Kibiti na Ikwiriri huchangamka kwa swali lile lile: Je, siasa yake ya uchumi iliwafaa masikini au iliwazidishia umasikini? Vijana ambao hawakuyaona hushika upande mmoja kwa nguvu. Wazee waliohamishwa hushika upande wa pili, na mara nyingine mzee mmoja hushika pande zote mbili katika kikao kimoja. Mimi naona mzee huyo ndiye aliye karibu na haki. Basi, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa mfano wa kwetu wenyewe, kwani Rufiji ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo maneno ya Azimio la Arusha yaligeuka kuwa amri.

Azimio lilitolewa Februari 1967. Lilisema njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Hapana shaka nia ilikuwa njema, na aliyeitangaza aliishi kwa kadiri ya maneno yake. Hilo hata mahasimu wake hulikubali. Lakini nia njema ya mtawala ni hesabu yake na Mola wake. Raia wao hupimiwa kwa kilichowafikia nyumbani.

Sasa tazama jinsi Warufiji walivyokuwa wakiishi kabla ya hapo. Nyumba zilitawanyika bondeni, kila jamaa karibu na shamba lake. Mvua zikianza, watu walipanda mpunga pamoja na mahindi. Mto ukifurika kwa kiasi, mpunga ulinawiri. Ukifurika kupita kiasi, uliuchukua. Lakini maji yakipungua yaliacha tope jeusi lenye rutuba, na juu ya tope hilo watu walipanda tena mahindi, kunde na pamba. Kilimo hicho ndicho mlau. Kwa hiyo mafuriko kwa Mrufiji yalikuwa msiba na riziki kwa pamoja, na mtu asiyeujua mlau huuona msiba peke yake. Mwenye shamba alijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, akalala humo kulinda mazao yasiliwe na nguruwe na viboko.

Mwaka 1968 mto ulifurika sana. Serikali, iliyochoka kuleta chakula cha msaada kila baada ya miaka michache, ikaona dawa ni kuwatoa watu bondeni. Ikaja Operesheni Rufiji, 1968 na 1969, watu wakapandishwa kwenye miinuko ya kaskazini ya mto na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zikapangwa kwa mistari.

Wema wa vijiji hivyo usifichwe. Zilikuja shule na zahanati mahali ambapo mgonjwa alikuwa akibebwa kwa mtumbwi kutwa nzima. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Watu wazima, wake kwa waume, walikaa madarasani jioni wakajifunza kusoma na kuandika. Wengi wao walikuwa wamehitimu Kurani chuoni na kuandika kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo maafisa hawakulihesabu kuwa ni kusoma, lakini hilo tuliache. Anayesema masikini hakupata kitu chochote asingalisema hivyo mbele ya mama aliyeokolewa mtoto wake katika zahanati ya kijiji.

Ila shamba lilibaki bondeni. Watu waliokuwa wakiamka na kuingia shambani sasa walitembea mwendo mrefu, na wengine walivuka mto. Nguruwe hawakungoja mkutano wa kijiji. Basi msimu wa kulinda ulipofika jamaa walirudi madunguni na watoto wao, na shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto hao ikapungukiwa na wanafunzi. Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Shule ilikuwa heri, na shamba lilikuwa heri, lakini aliyepanga hakumwuliza mkulima namna ya kuviweka pamoja. Mwenyezi Mungu amewasifu wale ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana.

Yaliyotokea Rufiji yalienezwa nchi nzima. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni lazima. Kusini na huku Pwani watu waliiacha mikorosho yao porini. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000. Mwaka 1986/87 zilikuwa kama tani 16,500. Sisemi kuhama pekee ndiko kulikosababisha, maana bei mbaya na ugonjwa wa mikorosho vilikuwamo.

Katika bei napenda kusimama kidogo. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na mashirika ya serikali yakawa ndiyo wanunuzi. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) aziwekee kiwango, naye akakataa, akihofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa mtu anamdai dhulma. Wanazuoni waliokuja baadaye, kama Ibn Taymiyya, waliruhusu kupanga bei pale wauzaji wanapohodhi bidhaa. Lakini aliyehodhi hapa alikuwa nani? Mnunuzi halali wa mpunga wa mkulima alikuwa mmoja, naye ndiye aliyepanga bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliona wenyewe sukari na sabuni zikikosekana, na tukatafuta kipande cha bafta cha kumsitiri maiti kwa kuzunguka maduka. Mwaka 1983 walanguzi walikamatwa, na bafta haikuonekana.

Mwalimu mwenyewe, mwaka 1984, alikiri kuwa kuvunja ushirika na serikali za mitaa ni mambo ambayo asingeyarudia. Akaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtoto wa Pwani, mlango ukafunguliwa na bidhaa zikajaa. Lakini miaka ya 1990 wananchi walichangia gharama shuleni na hospitalini, na asiye na kitu aliyatazama madirisha ya duka kwa nje. Vijana wanaosifu soko huria wakumbuke hilo nalo.

Aprili 2024 mto ulifurika tena, Rufiji na Kibiti mashamba na nyumba zikazama, na viongozi wakasema tena watu wahamie juu. Huko juu ya mto sasa liko bwawa kubwa la umeme, megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, nalo limepewa jina la Julius Nyerere. Mafuriko yaliyokuwa yakiletwa na mvua sasa yana milango, na milango ina watu wa kuifungua na kuifunga. Wenye mashamba ya mlau wanauliza ni maji kiasi gani yataachiwa, na mwezi gani, na katika kikao cha kuamua hayo nani ataketi kwa niaba yao.