Sotoka ilivyotufundisha kutofautisha seramu na chanjo

Ndugu mfugaji, nawe mwenye duka la dawa za mifugo, ndani ya friji ya dawa mna vichupa vingi tunavyoviita vyote chanjo. Vina vitu vya aina tofauti kabisa, na anayevichanganya hupoteza fedha na mifugo. Tofauti hizo zilijulikana kwa gharama kubwa, watu walipokuwa wakipambana na sotoka.

Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880. Kufikia 1891 ulikuwa Umasaini, ukamaliza sehemu kubwa ya ng'ombe, na njaa ikafuata. Mwaka 1896 ukavuka Mto Zambezi. Kule Kimberley, Afrika Kusini, Mjerumani Robert Koch aliwachoma ng'ombe wazima nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka. Wengine, Arnold Theiler akiwemo, walitumia seramu, yaani yale maji yanayojitenga damu ikiganda, kutoka kwa ng'ombe aliyepona.

Hapa tusimame kidogo. Seramu hubeba kingamwili zilizotengenezwa na mnyama mwingine. Ni kama kuazima jembe: unalima siku hiyo hiyo, ila litarudi kwa mwenyewe. Kinga yake huisha baada ya wiki chache. Mpaka leo punda mwenye jeraha anaweza kuchomwa seramu ya pepopunda, na mwenye punda akaondoka akidhani amemchanja. Hajamchanja.

Ili kinga idumu, wataalamu wa wakati ule walichoma seramu pamoja na damu yenye sotoka. Ilidumu kweli, lakini damu hiyo ilihamisha na magonjwa mengine. Miaka ya 1920, J. T. Edwards huko Mukteswar, India, alipitisha virusi vya sotoka kutoka mbuzi hadi mbuzi mpaka vikapungua ukali. Hiyo ni chanjo hai: kirusi ni kizima, kimedhoofishwa tu. Hata hivyo ng'ombe wa aina fulani bado kiliwasumbua. Walijaribu pia chanjo mfu, ambayo kirusi chake kimeuawa, lakini kinga yake ilikuwa fupi.

Jibu likapatikana jirani, Muguga karibu na Nairobi. Walter Plowright na R. D. Ferris waliotesha kirusi hicho kwenye chembe za figo ya ndama, wakakihamisha tena na tena, mara 90 hivi, mpaka kikaacha kuugua ng'ombe lakini kikabaki na uwezo wa kumjengea kinga. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1962. Udhaifu wake ulikuwa joto, hadi Jeffrey Mariner alipotengeneza aina iliyokaa karibu mwezi mzima bila barafu. Sotoka ya mwisho ilionekana Kenya mwaka 2001, na 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Leo mfumo wa kimataifa wa ATCvet huziweka dawa hizi zote kwenye kundi la QI. Hugawanywa kwanza kwa mnyama, QI01 ndege, QI02 ng'ombe na jamaa zake, kisha hutenganishwa kama ni hai, mfu au seramu. Mimi naupenda mpangilio huo kwa sababu unauliza yale unayopaswa kuuliza dukani.

Ikiwa ni hai, kama matone ya mdondo wa kuku, jua na joto huiua, na ya sindano huuawa hata na spiriti iliyobaki ndani ya bomba. Ile hai ya kimeta ni bakteria, kwa hiyo mnyama aliye kwenye antibayotiki usimchanje. Utakuwa umeiua chanjo yenyewe. Ikiwa ni mfu, kama ya ugonjwa wa miguu na midomo, isigande kwenye friza, na dozi ya kurudia usiiruke. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, omba karatasi iliyo ndani ya boksi muisome pamoja kabla hujatoa hela.